Shule ya kimataifa na waliopita pale: nani anamdai nani?

Kila shule yenye geti ina daftari la wageni. Jina, namba ya simu, saa ya kuingia, unakwenda kumwona nani. Tuseme mtu alisoma miaka sita katika shule ya kimataifa pale mtaa wa Shantytown, Moshi, akaondoka, na leo baada ya miaka thelathini amerudi na watoto wake kuwaonyesha bweni alilolala. Safu tatu za kwanza anazijaza bila shida. Ya nne inamkwamisha. Walimu wake waliondoka mikataba ilipoisha. Aliosoma nao wametawanyika mabara manne. Hata jina la shule si lile: cheti chake kimeandikwa International School Moshi (ISM), bango linasema UWC East Africa, tangu shule ilipoingia rasmi katika United World Colleges (UWC), familia ya shule za kimataifa, mwaka 2019. Anakwenda kumwona nani?

Shule nyingi za kimataifa zimeona pengo hilo na zinajaribu kuliziba. Zinaajiri mtu wa kushughulikia wanafunzi wa zamani, zinatuma jarida kwa barua pepe, zinaandaa chakula cha jioni London au Toronto, zinafungua kundi la WhatsApp kwa kila mwaka wa kumaliza. Wapo wanaoliona hilo kuwa wajibu wa malezi. Wapo wanaoliona kuwa bakuli la michango lililofunikwa kitambaa kizuri. Mimi naegemea upande wa wajibu, ila kwa sababu ambazo majarida yenyewe huwa hayazitaji.

Kwanza tuone kwa nini jambo hili ni gumu. Waliosoma shule za sekondari za serikali kama Tabora Boys, Ilboru au Kibaha hawahitaji ofisi ya kuwaunganisha. Watakutana kazini, kwenye kikao cha harusi, msibani. Mmoja atauliza, "Ulikuwa pale mwaka gani?", mwingine atataja jina la utani la mwalimu wa nidhamu, na utambulisho umekwisha. Nchi yenyewe ndiyo kamba inayowafunga. Shule ya kimataifa ilianzishwa kwa ajili ya watu wanaopita njia. Ile ya Moshi ilianza mwaka 1969 kwa sababu hospitali ya KCMC ilikuwa mbioni kufunguliwa na wataalamu wa kigeni walihitaji mahali pa kusomesha watoto wao. Kumbuka mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu iliyoziweka shule za mashirika ya dini chini ya serikali. Taifa lilikuwa likitengeneza shule za kuwafunga watu pamoja, na pembeni yake ikaota shule ambayo kwa asili yake kila mtu ana tiketi ya kuondoka.

Mkataba wa mzazi ukiisha Machi, mtoto anaondoka Machi. Hakuna mahafali wala picha ya darasa. Mwanasosholojia Mmarekani Ruth Hill Useem aliwapa watoto wa aina hii jina katika miaka ya 1950: watoto wa utamaduni wa tatu, wasio wa kwao wazazi wala wa pale walipokulia. Muulize mmoja wao, akiwa na miaka arobaini, swali rahisi kabisa la Kiswahili, "Kwenu wapi?", uone anavyotafuta pa kuanzia. Mwenzangu na mimi tuna kijiji, hata kama hatujakikanyaga miaka kumi. Yeye kijiji chake huenda ni uwanja wa mpira wa shule, na asubuhi ile mawingu yalipofunguka Kibo ikaonekana nyeupe. Kwa mtu kama huyo, shule kukata mawasiliano ni kama kijiji kuhama bila kumwambia.

Hoja hiyo ina nguvu, na wanaopinga huwa hawaigusi. Wanaanzia kwenye hesabu, na hesabu zao nazo si za kupuuza. Ada ya shule hizi inahesabiwa kwa maelfu ya dola kwa mwaka. Mshahara wa mtu wa wanafunzi wa zamani, programu ya kuhifadhi majina na safari ya mkuu wa shule kwenda kula chakula na wahitimu Ulaya vinalipwa na mzazi wa leo, ambaye mtoto wake anahitaji mwalimu wa fizikia. Kwa nini amlipie aliyeondoka mwaka 1988? Ofisi ikijitetea kwamba michango itarudisha gharama, imekiri yenyewe kwamba ule undugu ni biashara.

Halafu kuna kujuana. Neno hili kwetu lina harufu yake. Mtandao wa waliosoma shule ya gharama, wakipeana nafasi za kazi katika mashirika na mabenki, ni kujuana kulikovaa suti. Hili lingenitosha kupinga jambo zima kama wanafunzi wote wangekuwa watoto wa mabalozi. Lakini mtoto wa balozi hana haja ya mtandao wa shule, anaye baba. Anayeuhitaji ni yule aliyesoma kwa ufadhili, aliyetoka familia ambayo hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege, na sasa yuko chuo kikuu katika mji wenye theluji ambako hajui hata koti la baridi linanunuliwa duka gani. Kwake aliyemtangulia miaka mitatu ndiye mjomba pekee aliye naye upande ule wa bahari. Mtandao ule ule unaomwongezea mwenye nacho ndio unaomwokoa asiye nacho, na sioni namna ya kuuvunja kwa mmoja ukamwachia mwingine.

Jambo ninalolipenda katika United World Colleges, pamoja na mapungufu yake, ni kwamba waliliona hili mapema. Shule yao ya kwanza ilifunguliwa Wales mwaka 1962 kwa fikra za Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler. Leo kuna kamati za taifa katika nchi zaidi ya 150 zinazochagua vijana wa kwenda shule hizo, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanywa kwa kujitolea na watu waliosoma huko wenyewe. Wanasoma maombi usiku baada ya kazi, wanasaili, wanabishana ni kijana yupi apewe nafasi. Hapo mwanafunzi wa zamani amepewa jukumu. Jarida la kurasa thelathini lenye picha za maabara mpya haliwezi kufanya kinachofanywa na Jumamosi moja ya kusaili vijana kumi na wanane kwa nafasi mbili. Mtu hafungwi na sehemu kwa kukumbushwa kwamba aliwahi kuwa pale. Anafungwa na kazi aliyo nayo pale.

Ukitaka ushahidi mwingine, angalia Waterford Kamhlaba, juu ya kilima nje ya Mbabane, Eswatini. Ilianzishwa mwaka 1963 kama jibu kwa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, ikiwapokea watoto wa rangi zote wakati jirani yake alikuwa anawatenganisha kwa sheria. Mabinti wa Nelson Mandela, Zenani na Zindzi, walisoma huko. Waliopita Waterford enzi zile hawakuhitaji chakula cha jioni kukumbushwa walikuwa nani. Walikuwa wamebeba jambo moja. Shule ya kimataifa isiyo na jambo, ambayo kazi yake ilikuwa kuwashikilia watoto mpaka wazazi wahamishwe, ikianza kuhubiri undugu miaka ishirini baadaye inakuwa inauza kitu ambacho haikukitengeneza. Wanaodhihaki ofisi za wanafunzi wa zamani wako sahihi kuhusu shule hizo.

Fedha nazo huunganisha, tena kwa namna ya ajabu kidogo. Tangu mwaka 2000 kuna mpango wa Davis unaovipa vyuo vikuu vya Marekani ruzuku ya kuwasomesha waliomaliza UWC. Matokeo yake, vijana waliokula pamoja bwalo moja wanajikuta tena pamoja kwenye chuo kimoja cha Marekani, bila shule yao ya zamani kutuma hata barua moja. Ni ufadhili mkubwa, na umewafungulia njia vijana ambao vinginevyo wasingefika. Lakini tazama ramani: shule iko chini ya Kilimanjaro, jumuiya yake inakulia Marekani. Kadiri waliopita wanavyozidi kuunganishwa wao kwa wao, ndivyo wanavyoweza kuungana mbali na mahali penyewe. Sijaona jarida la shule linalouliza kwa uwazi kama umoja wa namna hiyo unaifaa Moshi, au unaitumia Moshi kama kituo cha kubadilishia basi.

Sasa nirudi kwenye zile sababu nilizosema hazitajwi. Ya kwanza ni makaratasi. Aliyemaliza diploma ya IB (International Baccalaureate, mtihani wa kimataifa wa sekondari) ana pa kukimbilia hata shule ikifungwa, kwa kuwa matokeo yake yako kwa shirika la IB lenyewe. Aliyesoma darasa la nne mpaka la nane akahamishwa hana. Ushahidi pekee kwamba alikuwepo ni faili moja katika kabati la shule. Akihitaji uthibitisho wa makazi au wa masomo akiwa mtu mzima, katika nchi ya tatu, huenda shule ndiyo ofisi pekee duniani inayoweza kusema, ndiyo, huyu tulikuwa naye. Huyu hachangii, hajamaliza, na kwenye orodha za mialiko mara nyingi hayumo. Ndiye anayedai zaidi.

Ya pili ni nzito. Aprili 2014 FBI ilitangaza kuwa William Vahey, mwalimu Mmarekani aliyekuwa amefariki mwezi mmoja kabla, alishukiwa kuwadhulumu watoto kingono, na kwamba tangu mwaka 1972 alikuwa amefundisha shule za nchi tisa, kuanzia Iran na Lebanon mpaka Indonesia, Uingereza na Nicaragua. FBI iliwaomba waliokuwa wanafunzi wake wajitokeze. Fikiria ugumu wa ombi hilo. Watoto wa shule za kimataifa, wengine sasa wana miaka hamsini, wamebadilisha majina kwa ndoa, wanaishi popote. Shule ambayo haijui wanafunzi wake wa zamani wako wapi haiwezi kuwaambia jambo ambalo wana haki ya kulijua, wala kuwasikiliza. Mbele ya hili, ule ubishi wa kama orodha ya majina ni ya wafadhili au ya marafiki unakuwa mdogo sana.

Tukio hilo hilo linawapa silaha na wa upande wa pili. Si kila aliyepita anataka kupatikana. Kuna aliyeonewa bwenini, kuna aliyekuwa Mtanzania peke yake darasani na hakuna aliyewahi kulitamka jina lake sawasawa. Barua ya "tunakukumbuka" kwake ni kero. Sheria sasa ziko upande wake: Ulaya ina kanuni zake za data tangu mwaka 2018, Kenya ilipitisha sheria mwaka 2019, Tanzania ikapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Shule inayochota namba za watu kwenye kundi la WhatsApp lililofunguliwa na mwanafunzi mmoja wa zamani, ikazitumia kuomba michango, ijue inacheza na moto. Kutunza faili la mtu na kumpigia simu ni mambo mawili. La kwanza shule inadaiwa na kila mmoja. La pili linahitaji ruhusa yake, na ruhusa hiyo anaweza kuiondoa siku yoyote.

Ndiyo maana mpangilio wa mambo unanisumbua kuliko nia. Shule nyingi huanzia mwisho: jarida, chakula, bakuli. Kabati la mafaili linaendelea kuliwa na mchwa huku programu mpya ya majina ikinunuliwa kwa dola. Ningekuwa kwenye bodi, fedha ya kwanza ningeielekeza kabatini, ya pili kwa mtu wa kujibu barua za wanaoomba nakala zao. Kuhusu aliyemaliza mwaka 1985, kabla hata herufi UWC hazijasikika Moshi, kama naye ni wa UWC au la, ningemwuliza mwenyewe. Wapo watakaofurahi kurithi jina kubwa. Wapo watakaosema wao ni wa ISM, na hiyo nyingine ni shule iliyohamia katika majengo yao.

Lipo bado lile daftari la getini. Shule haiwezi kumwondolea mgeni wetu utaratibu huo: watoto wako ndani, na baada ya yote tuliyoyasema hapo juu, mtu mzima yeyote lazima aandikwe, awe aliwahi kulala bweni lile au la. Ila kwenye shule hizi walimu wa kigeni hukaa miaka miwili, mitatu, wakaenda, na wapishi, madereva na watunza bustani ni wa hapo hapo, wengine wakikaa mpaka kustaafu. Hao ndio wanaokumbuka ni mtoto gani alikuwa hali maharage. Hawamo katika orodha ya jumuiya, hawaalikwi London, na picha zao jaridani ni chache. Mlinzi akimwona mgeni amesita kwenye safu ya nne, na kama ni wa siku nyingi, huenda atauliza, "Wewe ulikuwa hapa enzi za nani?" Mgeni atamtaja mpishi. Mlinzi ataandika jina hilo mwenyewe, kisha ampigie simu nyumbani kwake kumwambia kuna mtoto wake amekuja.