Kitafunio Nacho ni Chakula
Siku mbwa wangu alipopandishwa kwenye mizani na kuonekana ana kilo 12 na nusu badala ya 10, daktari wa wanyama hakuanza kwa kuuliza tunamlisha nini asubuhi na jioni. Aliuliza ni watu wangapi nyumbani humpa kitu mkononi. Tulikuwa wanne, na kila mmoja wetu aliamini kwamba yeye hutoa kidogo tu. Wote tulisema kweli, ila mpokeaji alikuwa mmoja.

Sioni ubaya wa kumpa mnyama kitafunio. Ubaya ninaouona ni kukitoa kana kwamba hakimo katika hesabu ya chakula chake. Ushauri uliozoeleka wa madaktari ni kwamba vitafunio visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Paka wa kilo 4 aishiye ndani huhitaji takriban kalori 200 hadi 250, kwa hiyo haki yake ya vitafunio ni 20 au 25, ilhali gramu 30 za jibini zina zaidi ya 100. Kipande ambacho kwetu ni cha kuonja tu, kwake ni karibu nusu ya mlo wa siku nzima, na akiwa amehasiwa mahitaji yake huwa yamepungua zaidi.

Nyumbani kwetu sasa chakula kikavu cha siku hupimwa asubuhi kwa mizani ya jikoni, kwa sababu kikombe hujazwa tofauti na kila mkono. Sehemu moja kati ya 10 hutiwa kwenye kopo dogo lenye kifuniko, na yeyote atakaye kumtuza mbwa huchota humo. Kopo likiisha, basi mpaka kesho. Nilihofia kwamba angenung'unika. Kumbe punje moja huipokea kwa shangwe ile ile: masikio husimama, mkia hupiga sakafu, punje humezwa bila kutafunwa, kisha hunitazama usoni. Anachohesabu yeye ni mara alizopewa, wala si ukubwa wa alichopewa, na ndiyo maana hata biskuti yake siku hizi naikata vipande vinne.

Wapo wanaoniambia nimwache afurahie, maisha ya mbwa ni mafupi. Hoja hiyo inaniuma, kwa kuwa utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, ulionyesha kwamba waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka 2 zaidi ya wenzao. Kama maisha yake ni mafupi, sina ruhusa ya kuyafupisha zaidi kwa mkono wangu.

Hata hivyo, paka mnene asinyimwe chakula ghafla, maana mafuta huweza kujaa kwenye ini na kumuua; apunguziwe taratibu akiangaliwa na daktari. Na zabibu, vitunguu na chokoleti si vitafunio vya mbwa wala paka, hata chembe.

Ilituchukua miezi mingi, lakini sasa nikimpapasa ubavuni nazihisi mbavu zake bila kukandamiza, kama nihisivyo mifupa ya mgongo wa kiganja changu. Mgeni akimhurumia na kunyoosha mkono kwenye sahani yake, simkatazi; namletea kopo.