Santuri Zilipobanwa: Kuitetea Redio ya Burudani ya Uingereza

Historia ya redio ya Uingereza husimuliwa mara nyingi hivi: BBC ilishika ukiritimba, ikawapa wananchi muziki mpole wa okestra na vichekesho vilivyochujwa, hadi mwaka 1964 meli ya Radio Caroline, redio isiyo na leseni iliyorusha matangazo kutoka baharini, ilipotia nanga nje ya pwani ya Suffolk na kuwapigia vijana walichokitaka. Mengi humo ni kweli. Lakini masimulizi hayo huiruka sababu iliyoifanya redio ile isikike vile ilivyosikika, na ukishaijua sababu hiyo ni vigumu kuendelea kuidharau.

Chukua siku ya kazi katikati ya miaka ya 1950 kwenye Light Programme, idhaa ya burudani iliyoanzishwa Julai 1945. Baada ya saa tatu asubuhi kinakuja Housewives' Choice, santuri zilizoombwa kwa barua na akina mama wa nyumbani. Saa nne na nusu ni Music While You Work, nusu saa ya muziki mfululizo kwa watu walio viwandani. Kinafuata Mrs Dale's Diary, maisha ya kila siku ya mke wa daktari. Saa nane mchana Woman's Hour, kipindi cha wanawake, kisha muziki wa viwandani kwa mara ya pili, na saa moja kasorobo jioni The Archers, wakulima wa kijiji cha kubuni cha Ambridge. Usiku ni vichekesho na bendi za dansi.

Hesabu santuri katika siku hiyo. Ziko asubuhi, na baada ya hapo ni haba. Karibu muziki wote uliobaki ulipigwa na watu waliokaa studio na ala zao. Haikuwa hiari ya BBC. Kampuni za santuri, kupitia shirika lao la Phonographic Performance Limited lililoundwa mwaka 1934, ziliiruhusu BBC saa chache tu za santuri kwa wiki, na saa hizo ziligawanywa kwa idhaa zake zote. Chama cha wanamuziki, Musicians' Union, kilisimama imara nyuma ya mpango huo, kwa hoja iliyo wazi: santuri moja ikizungushwa kila siku, kuna mpiga ala anayekosa kazi kila siku. Watangazaji waliziita saa za sindano, kwa ile sindano ya gramafoni.

Kipindi cha viwandani kinaonyesha vizuri matokeo yake. Kilianza Juni 1940, vita vikiwa vimepamba moto, na kikadumu hadi 1967. Bendi zilipokezana: leo bendi ya tarumbeta, kesho akodiani, keshokutwa okestra ya dansi. Wynford Reynolds, aliyekisimamia wakati wa vita, alikuwa kiongozi wa bendi yeye mwenyewe, na alijua alichotaka: mapigo yasiyoyumba, nyimbo zinazofahamika, sauti itakayopenya kelele za mitambo. Waltzi za polepole hazikutakiwa. Hata "Deep in the Heart of Texas" uliondolewa, kwa sababu ilipofika sehemu ya kupiga makofi wafanyakazi waligonga mashine kwa spana. Wanaokiita muziki wa kulaza watu hawajatazama kazi iliyokuwa ndani yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kipindi kimoja kiliwapa wapiga ala wa kawaida, wasio na jina kubwa, ajira ya kuitegemea.

Takwimu ninayoirudia kila mjadala huu unapozuka ni ya Beatles. Machi 7, 1962, miezi saba kabla ya "Love Me Do" kutoka, walirekodi mbele ya hadhira katika ukumbi wa Playhouse, Manchester, kwa ajili ya kipindi cha BBC. Hadi 1965 walikuwa wameipigia BBC nyimbo mara 275, zikiwa nyimbo 88 tofauti, na 36 kati ya hizo hazikuwamo katika santuri yoyote waliyoitoa miaka hiyo. Nyimbo thelathini na sita! Kama santuri zingekuwa huru, mtangazaji angeweka sindano kwenye "She Loves You" na kazi ingeishia hapo. Aliyekulia na Radio Tanzania Dar es Salaam hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hili, maana rekodi za bendi zetu nyingi za zamani zipo leo kwa kuwa redio iliziita studio.

Sasa upande wa pili, na una uzito. Kijana aliyemtaka Chuck Berry, mwanamuziki Mmarekani mweusi wa rock 'n' roll, hakumtaka Mwingereza anayemwiga Chuck Berry. Muziki wa Wamarekani weusi ulifika kwa santuri, na santuri zikibanwa, wao ndio waliokosa nafasi kwanza. Ilibidi kuitafuta Radio Luxembourg, kituo cha kibiashara cha ng'ambo, usiku kwenye masafa ya mita 208, sauti ikija na kupotea. Chama kilekile kilichowalinda wapiga ala wa Uingereza kilikuwa pia nyuma ya zuio la bendi za Kimarekani, lililodumu tangu miaka ya 1930 hadi 1956. Hilo siwezi kulitetea. Na miongozo ya vichekesho ya mwishoni mwa miaka ya 1940, iliyopiga marufuku mizaha ya vyoo na ya nguo za ndani za wanawake, iliwabana watunzi bila sababu ya maana.

Hata hivyo, wanaosifu meli zile za redio hukwepa swali moja: nani alilipwa? Kwenye meli, mtangazaji alilipwa. Mpiga fidla hakuitwa.

Sheria ya kuzizima redio hizo za melini ilianza kazi Agosti 1967, na Septemba 30 BBC ikafungua Radio 1, ikiwachukua watangazaji wa meli akiwemo Tony Blackburn na John Peel. Santuri zilikuwa bado zimebanwa, na ubanaji huo haukuondolewa hadi 1988. Kwa hiyo Peel naye aliita bendi studio, na aliendelea kuziita hata baada ya sharti kufutwa, mpaka alipofariki mwaka 2004. Wasanii zaidi ya 2,000 walimrekodia zaidi ya mara 4,000. Wengi wa wanaoicheka Light Programme huzitaja rekodi hizo kuwa jambo bora kuliko yote redio ya Uingereza iliyowahi kufanya, na zilizaliwa na sharti lilelile.