Namba ya siri waliyoijua watu wanne

Kwa miaka miwili namba ya siri ya mama ya pesa za simu tuliijua mimi, mdogo wangu, jirani, na kijana wa duka la wakala pale mtaani. Siku shilingi 40,000 zilipoyeyuka, tungemuuliza nani bila kuzua ugomvi?

Mama si kipofu. Ana presha ya macho, glakoma, inayokula uoni wa pembeni taratibu, na ulioliwa haurudi. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Sisi wanawe tukamkuzia herufi za simu hadi mwisho, tukajiona wajanja. Kumbe tulimharibia: neno moja likawa kubwa kuliko tundu alilobaki nalo, ikabidi alifukuzie vipande vipande. Kukuza herufi humfaa zaidi aliyepoteza uoni wa katikati. Mama alihitaji herufi za wastani, nyeupe kwenye weusi, na simu inayosema.

Vyote vilikuwamo kwenye simu yake ileile, ndani ya Mipangilio, penye kialama cha mtu aliyenyoosha mikono. Programu ya TalkBack, inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, iko kwenye Android tangu 2009, na iPhone ilipata ya kwake, VoiceOver, mwaka huohuo. Hakuna aliyetuambia, hata muuza simu.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. TalkBack ikiwaka, ukigusa mara moja inakusomea, ukitaka kufungua unagusa mara mbili. Mama akasema simu imepandwa na shetani. Kiswahili inasoma, ila kwa sauti ya mwalimu mkali anayesahihisha madaftari. Tukamnunulia spika za masikioni, maana namba ya siri haisomwi hadharani. Akazoea.

Kisichozoeleka ni zile menyu za pesa za simu, za kubonyeza nyota na reli. Sauti haijamaliza kusoma chaguo la nne, menyu imeshajifunga, anza upya. Unahamia kwenye programu ya kampuni ya simu, unakuta waliochora vitufe hawakuviandikia majina, basi TalkBack inaimba tu: kitufe, kitufe, kitufe. Kipi cha kutuma, kipi cha kutoa? Kwa Kenya, pesa za simu zilianza mwaka 2007. Huduma imefikisha umri wa kupiga kura na bado mtu mwenye uoni hafifu anakabidhi siri yake dukani. Kuongeza sekunde kwenye menyu si uhandisi wa roketi. Kukipa kitufe jina ni mstari mmoja tu wa msimbo wa programu. Nionavyo mimi, wanaozitengeneza hawajawahi kukaa na mtu kama mama wakamwangalia anavyohangaika.

Jumamosi alinipigia, nikadhani kuna dharura. "Nimebadilisha namba ya siri. Nimeangalia na salio, mwenyewe."

Nikamuuliza lipo shilingi ngapi.

"Hayakuhusu," akakata.