Nyota akikaa nje, mechi ya Bowl ni ya nani?

Tarehe 30 Desemba 2023, katika Uwanja wa Hard Rock huko Miami Gardens, Florida, Chuo Kikuu cha Georgia kiliichapa Florida State pointi 63 kwa 3 kwenye Orange Bowl, moja ya mechi za Bowl, yaani mechi za mwaliko zinazofunga msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Hakuna mechi ya Bowl iliyowahi kumalizika kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Mapumziko yalifika ikiwa 42 kwa 3. Asiyeufuatilia msimu ule angedhani Florida State ni vibonde, kumbe walikuja wakiwa hawajafungwa hata mara moja: mechi 13, ushindi 13, na ubingwa wa ligi ya ACC juu yake.

Ila waliopigwa usiku ule hawakuwa wale walioshinda zile mechi 13. Wachezaji zaidi ya ishirini hawakuvaa jezi. Wapo waliokuwa majeruhi, wapo waliokwishatangaza kuhamia vyuo vingine, na wapo waliojiweka pembeni wakisubiri drafti, ule utaratibu wa klabu za NFL, ligi ya kulipwa, kuchagua vijana kwa zamu. Kwotabeki wao (mrusha mipira anayeongoza mashambulizi), Jordan Travis, aliumia vibaya mguu mwezi Novemba. Msaidizi wake Tate Rodemaker naye hakucheza. Ikabidi kijana wa mwaka wa kwanza, Brock Glenn, asimamishwe mbele ya Georgia.

Na hasira ilikuwapo. Kamati ya uteuzi iliiacha Florida State nje ya mtoano wa timu nne za kuwania ubingwa wa taifa, ikaichukua Alabama iliyokuwa imefungwa mara moja, kwa hoja kwamba bila Travis timu si ileile. Ukishamwambia mtu kuwa ushindi wake 13 hautoshi, ni vigumu kumshawishi aje kuvunjwa goti kwa mechi ya kufutia machozi. Hata kocha wa Georgia, Kirby Smart, hakutoka na vifijo. Alisema watu watazame kilichotokea na warekebishe mambo.

Warekebishe nini, hapo ndipo ubishi ulipo.

Mechi za Bowl ni za siku nyingi. Ya kwanza ilichezwa Pasadena, California, tarehe 1 Januari 1902, Michigan wakawafunga Stanford 49 kwa 0, na waandaaji wakaingia ubaridi kiasi kwamba futiboli haikurudi pale hadi 1916. (Kipigo cha aibu kwenye Bowl, kwa hiyo, si jambo la kizazi hiki.) Leo ziko karibu arobaini, nyingi zikiwekwa Desemba watu wakiwa likizo, na timu yenye ushindi sita katika mechi kumi na mbili inastahili mwaliko. Zaidi ya kumi zinamilikiwa na ESPN, kituo kilekile kinachozitangaza. Zikitolewa zile chache zinazobeba mtoano wa kitaifa, nyingine hazimpi mtu ubingwa wa chochote isipokuwa kombe la mechi yenyewe.

Wanaowatetea wanaokaa nje huanzia kwa Jaylon Smith. Alikuwa beki wa Notre Dame aliyetarajiwa kuchaguliwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa katika drafti ya 2016. Tarehe 1 Januari mwaka huo alicheza Fiesta Bowl dhidi ya Ohio State, kano mbili za goti zikachanika na mshipa wa fahamu ukaathirika. Akaporomoka hadi nafasi ya 34, na msimu mzima wa kwanza hakucheza. Tofauti ya mkataba kati ya nafasi hizo ni mamilioni ya dola, na wakati ule chuo hakikuwa kikimlipa mshahara.

Mwisho wa mwaka uleule, Christian McCaffrey wa Stanford na Leonard Fournette wa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) wakatangaza kuwa hawatacheza Bowl. Walisemwa sana: wabinafsi, wamewatupa wenzao. Katika majira hayohayo Jake Butt wa Michigan alikubali kucheza Orange Bowl, akapasua kano ya goti, akachaguliwa raundi ya tano. Fournette alikwenda wa nne, McCaffrey wa nane. Baada ya hapo, mwanafunzi yeyote mwenye wakala mzuri alijua hesabu inasemaje.

Hoja ya uaminifu kwa timu ninaiheshimu, ila siipi uzito wanaoupa makocha wa zamani. Novemba 2021, Brian Kelly aliiacha Notre Dame kwenda LSU, timu ikiwa bado ina matumaini ya kuingia mtoano. Vijana wakacheza Fiesta Bowl wakiwa na kocha mpya, Marcus Freeman, wakafungwa na Oklahoma State 37 kwa 35. Mtu mzima mwenye mkataba anaruhusiwa kuondoka kabla ya mechi ya mwisho, halafu kijana wa miaka 21 aitwe msaliti?

Upande wa pili una hoja nzito zaidi kuliko uaminifu, nayo haisikiki mara nyingi: wanaobaki. Wengi mno kati ya wachezaji wa vyuo hawatafika NFL. Mlinzi wa safu ya mbele aliye mwaka wa mwisho, asiyejulikana na mtu nje ya chuo chake, Bowl ndiyo mechi yake ya mwisho maishani. Kwake si bonanza. Wenzake wenye vipaji wakijiondoa, anaingia uwanjani kupigwa 63 kwa 3, na picha hiyo ndiyo inayobaki.

Lakini si lazima iwe hivyo. Tarehe 1 Januari 2022, Ohio State walikwenda Rose Bowl bila wapokeaji wao wawili mahiri, Garrett Wilson na Chris Olave, waliokuwa wakijiandaa kwa drafti. Nafasi ikaangukia kwa Jaxon Smith-Njigba. Alidaka mipira 15 na kukusanya yadi 347, rekodi ya Bowl zote. Marvin Harrison Jr., mgeni wa mwaka wa kwanza, akafunga tachidauni tatu, yaani mara tatu alifikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Ohio State wakaishinda Utah 48 kwa 45, na sijasikia mtu akidai kurudishiwa kiingilio. Wilson na Olave nao walichaguliwa wa 10 na wa 11. Kwa chuo chenye benchi refu, pengo ni mlango wa wengine; kwa Florida State usiku ule, pengo lilikuwa pengo tu.

Kwa hiyo sioni haja ya kumzuia nyota mmoja au wawili. Kinachoua mechi ni timu nusu nzima kuondoka kwa mkupuo, na hilo lilichochewa na kalenda: dirisha la uhamisho lilifunguliwa Desemba, katikati ya maandalizi. Sasa limesogezwa hadi Januari, hatua ya maana kuliko mahubiri yote. Pesa nazo zimebadilisha hoja. Tangu Julai 2025, kufuatia suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja; kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo. Anayelipwa anaweza kuwekewa Bowl ndani ya mkataba, kwa bei yake na bima yake. Akikataa kipengele hicho, ajulikane mapema.

Kinachonitatiza ni vyuo vyenyewe kususa. Desemba 2025, Notre Dame yenye ushindi 10 na vipigo viwili iliachwa nje ya mtoano, uliokuwa umeshapanuliwa hadi timu 12, ikatangaza kuwa haitacheza Bowl yoyote. Ilisemwa ni uamuzi wa timu, na pengine ni kweli, lakini yule wa benchi aliyesubiri zamu yake hakupewa hata dakika moja. Mwezi huohuo Iowa State na Kansas State nazo zilikataa mwaliko, na ligi yao ya Big 12 ikazitoza faini ya dola 500,000 kila kimoja. Iowa State ilikuwa na ushindi nane. Kocha wake, Matt Campbell, alikuwa ameshakwenda Penn State, na faini hiyo haikumgusa.