Jicho la Mwaka Kogwa

Kwetu Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, nyumba isiyo na mgeni ni mkosi, kwa hiyo kwetu wageni walijaa hadi ukumbini, na vyandarua vyote wakapewa wao. Nilipouliza changu, Mama akanikata jicho: "We mwenyeji bwana, mbu wanakujua." Mie naishi Ufini miaka mingi sasa, nilikuja likizo. Mama kanihesabu mwenyeji; mbu wakanihesabu mgeni, wakanipokea usiku kucha.

Alfajiri jicho la kushoto halifunguki. Kope imefura mithili ya andazi lililozidi hamira, inang'aa, ukiigusa ya moto. Shangazi kuniona tu akaanza kusoma dua na kutaja majirani, nani kanionea kijicho. Binti ya ami, anayeuza duka la dawa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Hakuna hasidi hapo, Shangazi. Mate ya mbu hayo."

Akanipa kidonge cha mzio huku akieleza. Mbu jike akitoboa hutema mate damu isigande, na fujo yote ya kuvimba hufanywa na mwili wenyewe ukiyakataa yale mate. Aliyeumwa kila siku tangu utotoni, mwili wake huchoka kugomba. Ukihama miaka mingi unawasahau, na mate ya mbu wa huku siyo ya mbu wa kule.

Kweli. Kiangazi changu cha kwanza Ufini, mbu wa misituni kule, wakubwa wasio na haya, walinivimbisha miguu hadi viatu vikagoma, na wenyeji wakiniuliza, "Si unatoka Afrika wewe?" Siku hizi wakiniuma napangusa tu. Kumbe ngozi ilishabadili uraia, mie bado na pasi ya Tanzania.

Ami naye hakutaka kupitwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akasema, watafiti wa matende walimwaga vyooni hapa hapa Makunduchi punje za plastiki nyeupe zinazoelea, mabuu wakakosa pa kuvutia pumzi, watu wakalala vifua wazi. "Hawa waliokuuma," akanituliza, "ni wajukuu wa waliosalimika. Wana kisasi."

Nilipofika uwanjani, watu wa kusini na wa kaskazini washaanza kutwangana kwa migomba, ndiyo desturi ya siku hiyo. Sikugusa hata jani, nilisimama pembeni na jicho langu. Mtu akapaza sauti: "Nani kampiga yule?" Kijana wa upande wa pili, sijapata kumwona maishani, akainua mgomba wake juu: "Mie!" Uwanja ukalipuka. Kina mama, ambao siku hiyo hutukana kwa wimbo bila stara, wakanitungia beti papo hapo. Siziandiki, kuna watoto wanaosoma.

Jioni yule kijana akabisha hodi, ana mkungu wa ndizi. Ugomvi wa Mwaka Kogwa hauvuki siku.

"Kaka, nisamehe. Niliteleza mkono."

Binti ya ami akajifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika. Nikaangalia ule mkungu, ndizi za mkono wa tembo, zimeiva vizuri. Ningeanza vipi kumwambia ni mbu?

"Nimekusamehe, mdogo wangu."

Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini ilikupata sawasawa, eti?"

"Sawasawa," nikamjibu. "Mpaka sasa sioni."