Kwa mwinuko wa Arusha, naitrasi ndogo inanishawishi kuliko turbo

Siku hizi chalii akinunua Altezza hapa Chuga, hata hajamaliza kubadilisha kadi ya gari, ashaanza kuulizia turbo, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini. Mi naona wengi wanatafuta dawa ya gharama kwa ugonjwa mdogo. Shida kubwa ya gari zetu huku ni hewa. Mji umekaa kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hapo hewa ina presha ya kama asilimia 85 tu ya ile ya Dar, kwaiyo injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu, inachoma mafuta pungufu, na nguvu inashuka karibu kwa kiwango hicho hicho. Ile injini ya Altezza, 3S-GE ya gia za mkono, Toyota waliitaja kuwa na hospawa 210. Ikifika Njiro imebaki na 180 hivi, hata ufunge egzosi ya kupiga kelele mpaka Sakina wasikie.

Sasa hapo ndo naitrasi, ile gesi unayopuliza kwenye injini kuongeza nguvu, inaponogea, maana inakuja na oksijeni yake ndani ya chupa. Hewa ya kawaida kwa uzito ina oksijeni asilimia 23, naitrasi ina 36, na inakaa imeshikana na naitrojeni mpaka ikute joto la kama nyuzi 300, joto ambalo kwenye silinda lipo la kumwaga, ndo inaachia. Alafu inatoka kwenye chupa ikiwa kimiminika, na inapogeuka gesi inakuwa baridi kali, inachemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwaiyo hata ile hewa ya kawaida inayoingia nayo inapoa na kushiba. Jeti, kile kitundu kinachopima gesi, ya hospawa 50 ni hospawa 50 Tanga pwani na ni 50 Ngaramtoni huku juu. Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Pili walifunga mfumo wa naitrasi walioita GM-1 kwenye ndege zao za kivita kwa sababu hii hii, kule juu sana ambako hewa imekuwa nyepesi na supachaja, pampu ya kushindilia hewa, imezidiwa.

Najua kuna mtu ashaanza kuniambia turbo nayo inafidia mwinuko. Kweli inafidia, sibishi. Lakini Altezza ina kompresheni ya zaidi ya 11, yaani silinda inabana mchanganyiko zaidi ya mara 11, ukitaka kuiwekea turbo ikae salama unazungumzia pistoni, manifodi, intakula, nozeli kubwa za mafuta, kontrol boksi nyingine, na fundi wa kuipanga yote hiyo. Mtu anayetaka tu kurudishiwa kile mlima ulichochukua plus kidogo ya juu, jeti ya 35 au 50 inamtosha.

Ila nisieleweke vibaya, ninaposema ndogo namaanisha ndogo. Na hela ya kwanza isiende kwenye chupa, iende kwenye mafuta. Oksijeni ikiongezeka bila petroli kuongezeka, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanawaka ovyo ndani ya silinda, na pistoni inatoboka kabla hujajua kimekupata nini. Ndo maana kwa gari zetu napenda mfumo wa wet, ule wenye solenoidi (vali za umeme) mbili, moja ya gesi na moja ya petroli, kila moja na jeti yake, vinapuliza pamoja kabla ya throto, ule mlango wa hewa ya injini. Lakini hiyo petroli unaivuta kwenye laini ile ile ya gari, yenye pampu iliyokuja na gari toka Japani na filta ambayo hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini. Mafundi wengi wanapima presha ya mafuta gari ikiwa sailensa, inaunguruma bila kukanyagwa, wanasema iko poa. Ipime gia ya tatu imekanyagwa mpaka chini, hapo ndo utaijua pampu yako. Na funga geji ya waidibendi, ile inayoonyesha hewa ni mara ngapi ya petroli kwa uzito, ukiona inasoma 11.5 mpaka 12 wakati gesi inaingia endelea, ukiona inaelekea 13 toa mguu.

Kitu kingine kinachosahaulika huku kwetu ni joto la chupa, na hapa ndo naombaga watu wawe makini zaidi, kwa sababu presha ya naitrasi inafuata joto na jeti zinazokuja na kiti (seti nzima ya vifaa vya naitrasi) huwa zimepangwa kwa presha ya kama psi 900 mpaka 1,000. Asubuhi ya Julai Arusha kwenye nyuzi 12 chupa inasoma psi 600 na kitu, gesi inatoka kidogo, petroli inabaki ile ile, gari inakohoa na moshi mweusi. Mchana unashuka zako Moshi, unapaki juani, buti linakuwa tanuri, presha inapita 1,000, sasa gesi inazidi petroli. Gari ile ile, jeti zile zile, siku moja! Kwaiyo geji ya presha ya chupa siyo urembo. Ikiwa baridi tumia blanketi la umeme lenye switchi ya kujizima, na nakuomba chupa usiipashe kwa moto wa gesi ya kuchomelea. Na tukiwa hapo hapo kwa wachomeleaji, yule anayekwambia utumie oksijeni yao badala ya naitrasi mkimbie, ile naitrojeni ndo inayotuliza moto usiwe mlipuko.

Waya sitaki kuzungumza sana, ila gesi ifunguke throto ikiwa wazi yote tu, kuanzia 3,000 rpm, na ifunge kabla ya limita, ile inayozuia injini isizunguke kupita kiasi. Limita inakata mafuta kwenye nozeli huku chupa bado inapuliza, hesabu mwenyewe kinachofuata. Taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, irudishe nyuma kama digrii 2 kwa kila hospawa 50, plagi ziwe za baridi hatua moja, zile zinazotoa joto haraka. Watu wanasema huku juu gari hazigongi kirahisi, sawa, ni kwa sababu silinda haijai. Ukiweka naitrasi umeijaza, ule unafuu umekwisha.

Kinachonikera kwenye habari yote hii ni kujaza. Chupa ya kawaida inabeba kilo 4.5 hivi, kwa jeti ya 50 kwa hesabu za karatasini ni kama dakika tatu za kukanyaga, na zile za mwisho hazina presha ya maana. Kwaiyo kabla hujaagiza kiti mtandaoni ulizia kwanza utajaza wapi, kwa bei gani, na kama watakubali kujaza chupa ya gari maana hii gesi hospitali ndo wanaitumia kwa wagonjwa. Kama jibu ni kuipakia mpaka Dar kila ikiisha, mimi ningechukua hiyo hela nikabadilisha pampu, nozeli na plagi, nikaendesha hivyo hivyo na 180 zangu mpaka apatikane wa kujaza huku huku.