“Maliza dozi”: ni kweli kwa kila ugonjwa?

Ukikabidhiwa antibiotiki, huachi kuambiwa: maliza dozi hata ukipata nafuu. Sababu tunaijua wote. Anayekatisha dawa, tunaelezwa, huwabakiza bakteria wenye nguvu, wakazaana, na siku nyingine dawa ile ile isiwafanye kitu. Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa Uingereza liliandika katika jarida la kitabibu la BMJ kwamba kwa maambukizi mengi ya kawaida hoja hiyo haina ushahidi. Wapo sasa wanaotaka agizo hilo lifutwe kabisa.

Hofu yenyewe ni ya zamani. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliieleza alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945: mtu anaumwa koo, anajinunulia penisilini, anatumia kidogo mno, bakteria wanazoea dawa, kisha anamwambukiza mkewe. Onyo lile lilihusu kipimo kisichotosha kuua. Halikusema kwamba siku nyingi zaidi ni salama zaidi. Tena streptokokasi wa koo, bakteria aliowatolea mfano, hadi leo hawajawa sugu kwa penisilini.

Usugu mwingi unaotuua hospitalini huanzia kwingine. Utumbo na ngozi zetu zimejaa bakteria wasiotudhuru wanapokaa mahali pao. Ukimeza kidonge kwa ajili ya kibofu, dawa inawafikia hao pia: dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na nafasi tele, na wanaweza hata kuwapa jirani zao vinasaba vya usugu. Siku wakiingia kwenye damu au kidonda, dawa ya kawaida inashindwa. Kwa hiyo kila siku ya dawa isiyohitajika inawaongezea nguvu.

Lakini ukimwambia kila mgonjwa aache akijisikia vizuri, utaua watu. Kifua kikuu kinatibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida miezi 6, na nafuu huja mapema sana, bakteria wakiwa bado wamo. Hapo kukatisha kunazalisha usugu kweli, na mgonjwa huwaambukiza walio karibu naye. Koo la streptokokasi nalo hutulia ndani ya siku chache, ilhali matibabu kamili ya penisilini, ambayo kwa desturi ni siku 10, yanamkinga mtoto na homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo. Nafuu ni habari njema, ila haitoshi kuwa kipimo.

Mimi nasimama na wanaotaka siku zipunguzwe, kwa sharti moja: apunguze anayeandika dawa, si anayeimeza. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa BALANCE, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 3,600 wenye maambukizi ya bakteria kwenye damu katika nchi 7. Waliotibiwa siku 7 hawakufa zaidi ya waliotibiwa siku 14. Ikiwa maambukizi mazito hivyo yanaweza kutibiwa kwa nusu ya muda, daktari anayeandika siku 10 kwa mazoea ana deni la kueleza sababu. (Na mafua hayahitaji hata siku moja; husababishwa na virusi.)

Watetezi wa agizo la zamani wana hoja moja inayonigusa: ni fupi, na linakumbukwa. Ukiligeuza kuwa “inategemea”, vidonge vitabaki kabatini, na mwezi ujao vitapewa mtoto mwenye homa. Hatari hiyo ipo. Lakini vidonge hivyo vinabaki kwa sababu vilitolewa vingi kuliko vilivyohitajika. Daktari akiandika siku 5 na duka la dawa likahesabu vidonge vya siku 5, mgonjwa ataimaliza dozi yake kama alivyofundishwa, bila kidonge cha ziada.

Hadi madaktari wabadilike, muulize anayekuandikia: kwa nini siku hizi, na je, naweza kupona kwa chache zaidi? Muulize kabla ya kidonge cha kwanza.